Mercredi ya Mama Bénite

Batu ba mutaa ya Mulekera banajua kama miye niko na kichwa nguvu, na sikatai. Bananiita Mama Salomon, ninauzisha maharagi ku soko ya Beni, na kama unashikashika maharagi yangu bila kununua, utasikia. Donc siku Kavuo alisimama mu mukutano yetu ya bamama na kusema anataka kufanya examen d'État, mutihani ya kumaliza sekondari, miye ndiye wa kwanza kumucheka.

Tuko bamama sita ba avenue moja, bakatoliki na baprotestanti, na batoto tisa badogo benye hawajafika umuri wa masomo. Zamani kila mama alikwenda shamba ao soko na mutoto ku mugongo, ao alimuacha na dada yake wa miaka saba. Godelive, mwenye kuongoza mukutano, akasema: kama mu likirimba ya feza kila mutu anatoa na kila mutu anapata zamu yake, juu ya nini tusifanye likirimba ya siku? Tangu pale kila mama iko na siku yake ya kubaki na batoto bote, kubapikia bugali na sombe, na benzake batano banaenda kutafuta maisha; yangu ni samedi, jumamosi. Mwenye kukosa siku yake bila kusema, anatoka na batoto bake. Hakuna maneno.

Mercredi, jumatano, ilikuwa ya Kavuo, Mama Bénite. Ni mujane wa miaka makumi tatu na moja, alikimbia vita akiwa mu mwaka wa mwisho wa sekondari. Anafagia ku centre de santé moja, na kila siku anaangalia bainfirmières banavyochoma batu shindano. Alipoomba kuingia masomo yao, bakamwambia alete diplôme d'État. Akajiandikisha pamoja na bavijana ba miaka kumi na nane. Examen ni siku ine, lundi mpaka jeudi, na mercredi iko ndani. Ukikosa moja tu, mwaka imekufa.

Miye nikasema asituharibishie likirimba. Yeye hakubishana. Alisema atalipa mercredi yake mbele, siku ya dimanche, kisha misa. Tulimuomba dimanche moja, akafanya tatu. Alisoma kwa sauti na batoto bamemuzunguka, mpaka Salomon wangu, mutoto wa miaka ine, akarudi kuniambia kama moyo iko na vyumba vine. Nilimwambia akule, anyamaze. Mais ile usiku sikucheka tena. Asubuhi nikaenda kwa Godelive, nikasema ile mercredi nitabaki na batoto miye.

Sasa sikieni ujinga yangu. Ile mercredi, kamyo ya kutoka Kasugho ikaingia na maharagi mapya mbele jua litoke. Kila muchuuzi anajua: mwenye kufika wa kwanza ndiye anachagua, wa nyuma anabeba ya kutobolewa na badudu. Nikajiambia nitaenda mbio na kurudi mbele ya saa moja. Nikamuacha Salomon anacheza ku kiwanja, nikafunga mulango. Mais kuchagua maharagi haiko mambo ya haraka. Unamwaga, unatafuna moja, unabishana na mwenye kamyo. Saa moja ikapita, na miye ningali nabishana.

Kavuo alikuta mulango wangu na kufuli. Bamama bengine balikuwa bameniachia batoto pale ku mulango na kukimbia ku kazi, bakifikiri ninarudi sasa hivi. Examen ilianza saa mbili, na ku saa mbili banafunga mulango ya salle ya examen. Angeweza kulia. Angeweza kurudi ku nyumba na kusema Mungu hakupenda. Hapana. Alipanga batoto mustari moja, kila mutoto anashika nguo ya mwenzake, Bénite ku mugongo, na akavuka nabo barabara mpaka ku soko.

Nilipoinua kichwa, balikuwa mbele ya magunia yangu, bote tisa. Alifungua kitenge, akanipa Bénite mu mikono. Hakunitukana. Afazali angenitukana.

"Mama Salomon, batoto bako hapa, tisa," alisema. "Miye naenda kuandika."

Akasimamisha moto, ile pikipiki ya kubeba batu, akaenda. Ilibaki dakika kumi. Nilibaki na batoto juu ya magunia mpaka mangaribi, na haya ilinikula kuliko njaa.

Mangaribi ile nikaenda miye mwenyewe kwa Godelive, nikamwelezea yote. Sheria ni sheria, nilipashwa kutoka. Kavuo alikuwa pale, na vidole vya wino. "Hakukosa siku," alisema. "Batoto balishinda naye." Na akaomba ruhusa ya kwenda kusoma, juu examen ya jeudi ilikuwa ingali.

Matokeo ilipotoka, alipita na asilimia makumi tano na sita. Avenue yote ilimumwagia poudre, unga nyeupe ya kushangilia, ku kichwa, na miye nilimwaga kopo nzima. Akajipangusa macho, akatuambia kama masomo ya infirmiers ni miaka tatu, siku tano kwa wiki. Hataweza tena kubaki na batoto mu wiki. Kama tunaona ni muzigo, atamutoa Bénite.

Godelive akaanza kuhesabu siku ku vidole.

"Usihesabu," nikamwambia. "Samedi ni yangu. Mercredi pia ni yangu, miaka yote tatu."