Mluzi wa Turbo Njia ya Rungwa

Mwaka niliokabidhiwa lori la dada yangu sikuweza kukaa mahali pamoja hata kumaliza kikombe cha chai. Nilikuwa nimekaa nyumbani Misigiri msimu mzima bila gari la kuendesha, na kukosa kazi kulikuwa kumeniingia miguuni. Dada alikuwa akinunua asali kwa warina wa Rungwa na kuiuza Singida mjini. Siku aliyonipa ufunguo aliniambia, "Litunze. Mahali pazima usipaguse."

Nilipagusa.

Pale kituoni Misigiri madereva tulitambuana kwa sauti za magari. Mwenzetu mmoja, lori lake lilipiga mluzi mwembamba akikanyaga mafuta, na watu waligeuka kabla hajatokeza. La dada lilipita kimya. Nikamuuliza yule mwenzetu siri yake.

"Toa lile boksi la plastiki kwenye njia ya hewa," akasema. "Halafu weka filta ya wazi. Turbo yako inapiga mluzi siku zote, ila boksi limeiziba mdomo."

Mchana ule ule nikafungua. Boksi lenyewe nikalitupa nyuma ya jiko nyumbani, filta mpya nikaifunga kwa klipu kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Nilipowasha na kukanyaga, mluzi ukapanda mpaka kifua kikanisisimka. Nikiachia, gari linashusha pumzi kwa nguvu. Wiki mbili nzima nilikanyaga mafuta pasipohitaji kukanyagwa. Wanawake wa gengeni wakigeuka, nafurahi, wasipogeuka, narudia.

Kisha tukaenda Rungwa na dada. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akapanda. Hatukufika mbali akauliza.

"Gari lina nini hili?"

"Ni turbo, dada. Lina nguvu."

"Turbo ilikuwepo tangu mwanzo. Mbona haikuwa inalia?"

"Kiangazi hiki hewa kavu, sauti inasafiri."

Alinitazama kidogo, akageukia dirisha. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, dada ndiye aliyenilea. Sijui kwa nini nilidhani uongo wa hewa kavu ungempita.

Tulipakia ndoo za asali, tukafunga turubai, tukaanza kurudi kupitia Itigi asubuhi yake. Njia ilikuwa na vumbi jekundu, na mbele yetu kulikuwa na malori mengine yaliyotumwagia vumbi hilo usoni. Tulipokuwa hatujafika hata nusu ya safari, nikasikia sauti nyingine chini ya ule mluzi. Ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikashusha kioo, nikasikiliza, nikapandisha. Nikazima redio. Nikaiwasha tena nisisikie.

"Tulia," dada akasema.

"Nimetulia."

"Hujatulia. Hicho kioo umekishusha mara ngapi?"

Nikaweka mikono yote miwili kwenye usukani, lakini vidole vikaendelea kugonga vyenyewe. Tulipoipita Itigi sauti ikawa kama king'ora cha mbali, na gari likaanza kuishiwa nguvu. Vilima ambavyo tulivipanda jana yake bila kufikiri, sasa nilivipanda kwa gia ndogo. Kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi wa kibuluu. Nikajiambia tukikamata lami pale Mkiwa litapona. Tukaikamata, halikupona.

Tulipoingia Issuna dada akasema, "Simama hapa."

Jirani na meza za vitunguu kulikuwa na fundi, mzee mwenye ovaroli iliyofifia rangi. Tukamwamkia. Akaniambia nisizime kwanza, nikanyage taratibu. Alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, macho yakitazama chini. Kisha akanionyesha kwa mkono nizime, tukainamisha kabini mbele.

Hakutafuta sana. Aliupitisha mkono chini ya mpira wa hewa, ukasimama mahali pamoja, akaniita nishike. Ulikuwa umepasuka pale klipu ilipouma. Akauvua, akaingiza kidole ndani upande wa turbo, akakitoa kimejaa vumbi jekundu. Halafu akamulika kwa tochi ya simu. Feni ya turbo, ambayo mapanga yake hutakiwa kuwa na ncha safi, ilikuwa imelika pembeni kama jani lililopitiwa na panzi. Alipoishika katikati, ikacheza.

"Hapa palikuwa na boksi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Lile boksi lilikuwa linameza kelele, na lilikuwa linashika mpira usicheze. Umelitoa, filta ikabaki inaning'inia, kila shimo inatikisika, mpira ukachanika. Sasa hewa inaingilia penye mpasuko bila kupita kwenye filta, na vumbi lake."

"Kwa hiyo ule mluzi ulikuwa ugonjwa tangu mwanzo?"

"Hapana, kijana. Mluzi wa kwanza ni sauti ya turbo yenyewe, umeifungulia tu. Ugonjwa ni huu wa pili. Lakini ule wa kwanza ulikuzuia usiusikie wa pili mapema."

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nani alitoa boksi?"

Fundi akasema anakwenda kunawa mikono. Akachukua muda mrefu.

"Mimi," nikasema.

"Na nilipokuuliza?"

Dada akaacha Kiswahili, akanisema kwa Kinyiramba, pole pole, jinsi alivyokuwa akinisema nilipokuwa mtoto na nimevunja kitu. Alisema alijua tangu alipopanda. Alikuwa akisubiri niseme mwenyewe, akasubiri kwenda na kurudi.

"Nilitaka nisikike, dada," nikamwambia. "Msimu mzima nimekaa nyumbani, hakuna aliyeuliza niko wapi."

"Kila Jumapili nilipiga simu," akasema. "Kila Jumapili."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wauza vitunguu. Ilikuwa kweli. Alikuwa akipiga, nami nikijibu kwa haraka kama mtu mwenye shughuli.

Fundi alikata kipande kibovu cha mpira, akauunga, akaifunga filta kwa mkanda isitikisike. Akatuonya twende polepole hadi Singida, gari lisilazimishwe, turbo ikafunguliwe huko. Safari ile fupi ilituchukua mchana wote. Nilishika mwendo wa baiskeli, magari yakitupita na kutupigia honi.

Mjini mafundi wakaishusha turbo, wakabadilisha feni na mhimili wake. Mimi nikapanda basi kurudi Misigiri kulichukua boksi. Nyuma ya jiko nikakuta mke wangu amelijaza majani makavu, na kuku amelalia mayai ndani yake.

"Nalihitaji hilo boksi," nikamwambia.

"Zimebaki siku tisa."

"Tumhamishe kuku."

"Ukimhamisha atayasusa. Siku tisa."

Nikampigia dada kumweleza. Nikadhani simu imekatika, kisha nikamsikia anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Issuna. "Basi msubiri huyo kuku," akasema.

Nilimsubiri. Nilikwenda barabarani na kurudi, barabarani na kurudi, mpaka mke wangu akasema nitachimba njia. Vifaranga walipotoka nililiosha boksi kwa sabuni, nikalianika, nikalipangusa ndani mara tatu nikitafuta hata unyasi mmoja, maana sasa nilijua kitu kidogo hufanya nini kikivutwa na turbo.

Safari iliyofuata lori lilikuwa kimya. Kilomita za mwanzo kimya kile kilinisumbua. Nilihisi kama masikio yameziba, na mguu ukataka kukanyaga nisikie chochote. Kabla dada hajauliza, nikamwambia yote: kwamba boksi limerudi, mpira ni mpya, na kwamba bado nautamani ule mluzi.

"Najua," akasema. Akaniuliza habari za vifaranga, wangapi wamepona, nikamweleza. Tukiwa tunaikaribia Itigi akasinzia, kichwa kimeegemea kioo. Sikuwahi kumwona dada akilala mimi nikiwa kwenye usukani. Nikapunguza mwendo kwenye mashimo ili asiamke.