Tulimzika Bungoma

Mdogo wangu alifia Kitale siku ya Alhamisi, kibandani kwake, akiwa ameinamia suruali ya shule aliyokuwa akiikunja pindo. Alikuwa fundi cherehani. Alikaa Kenya miaka tisa akishona sare za wanafunzi na kanzu za wazee karibu na msikiti, na kila Ijumaa baada ya swala alinipigia simu nyumbani Musoma tukazungumza mambo ya kawaida: mvua, mgongo wa mama, nani kaoa. Alhamisi hiyo aliyenipigia alikuwa jirani yake.

"Dada," alisema, "ndugu yako ametuacha."

Nikamjibu, "Ahsante."

Sijui kwa nini nilishukuru. Nilikata simu, nikaendelea kusahihisha madaftari ya darasa la nne hadi rundo likaisha, ndipo nikatoka nje kumwambia mume wangu.

Mama alitaka mwanawe alazwe nyumbani, kando ya kaburi la baba. Mume wangu aling'oa viti vya nyuma vya gari letu, na alfajiri ya Ijumaa tukaondoka, tukavuka mpaka pale Sirari, tukapita Kisii na Kisumu. Alasiri tulikuwa Kitale. Majirani wa marehemu walikuwa wameshashughulikia karatasi. Kilichobaki ni namba ya gari litakalombeba, ambayo karani aliiandika na kuigonga muhuri. Jumamosi asubuhi wanaume wa msikitini wakamwosha na kumvisha sanda. Walitaka wamswalie palepale. Mume wangu akawaambia tutamswalia nyumbani, mama yake anangoja. Wakaliingiza jeneza nyuma ya gari, wakalifunika kitambaa cha kijani, na kando yake wakalaza cherehani yake, kwa kuwa hakuna aliyejua pengine pa kuiweka.

Njiani sikulia. Mume wangu alilia, akifuta macho kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani. Mimi nilikuwa nasoma vibao vya maduka. Kiminini nilisoma vyote, upande wa kushoto kisha wa kulia, kama mtu aliyeambiwa atakuja kuulizwa.

Tulikuwa tunakaribia Kamukuywa gari lilipozima. Halikutoa moshi wala mlio. Lilinyamaza tu, na mume wangu akaliachia lijisukume lenyewe hadi pembeni, mbele ya nyumba ya bati ambapo mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Alijaribu kuliwasha mara tano, sita. Kisha akaweka paji la uso juu ya usukani.

Mwanamke mmoja alikuwa anageuza yale mahindi kwa reki. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa gambuti na kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Akaja hadi dirishani kwangu.

"Gari imekataa?"

"Imezima, mama."

"Sasa si mngeingiza tu hapa kwa kivuli, hapo barabarani lori zitawagonga bana." Akachungulia nyuma. Aliona kile kitambaa cha kijani, akavua kofia. "Woi! Kumbe mko na mwili. Ni nani huyo?"

"Mdogo wangu."

"Yule wa kukufuata?"

"Tulizaliwa wawili tu."

Hakusema pole. Aliita majirani kwa Kibukusu, wakaja wanaume wanne, wakatusukuma hadi chini ya miti iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Akatwaa panga, akakata majani ya mgomba, akayatandaza juu ya paa la gari na kuyamwagia maji ili ndani pasipate joto. Kisha akaniletea kiti.

Fundi alifika kwa pikipiki kutoka sokoni. Alifungua boneti, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akautoa.

"Mkanda ya ndani imekatika," alimwambia mume wangu, "na imepinda valvu. Hii si kitu ya kufunga na waya, mzee. Hii nafungua kichwa ya injini. Spea itoke Kitale. Labda Jumatatu."

"Leo ni Jumamosi," mume wangu alisema.

"Najua ni Jumamosi."

Tungeweza kukodi gari lingine. Mume wangu aliwapigia simu wale majirani wa Kitale, wakamkumbusha kwamba karatasi ya kuvushia mwili mpakani ina namba ya gari letu, na ofisi ya kuibadilisha imefungwa hadi Jumatatu. Jua lilikuwa linapanda. Mwanamke wa gambuti aliendelea kumwagia maji majani yake kila yalipokauka. Katikati ya kazi hiyo akanigeukia.

"Nyinyi ni Waislamu. Mimi niko wa kanisa. Naweza ombea yeye?"

"Mwombee."

Aliomba kwa muda mrefu, amefumba macho, kwa lugha ambayo sikuelewa ila jina la Yesu. Nilikuwa natazama kuku waliopanda juu ya turubai wakila mahindi yake. Nilifikiri, niwafukuze. Sikuinuka. Hilo bado linaniaibisha kidogo, kwamba yule mama aliliombea jeneza letu na mimi sikumfukuzia hata kuku.

Simu ya kumpigia mama niliipiga mimi. Nilimweleza yote: gari, karatasi, Jumatatu.

"Alioshwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi mzikeni."

"Tumrudishe Kitale, mama? Si mbali. Wanamjua pale."

"Asirudishwe nyuma. Ameshaanza safari, mwacheni asonge mbele mpaka atakapofika." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia mume wangu. Yule mwanamke alikuwa anatusikiliza, akafuta mikono kwenye kanga.

"Iko mzee mmoja wa Bungoma hununua mahindi yangu. Ni mtu wa msikiti, na lori iko. Wacha nimpigie."

Alitembea na simu hadi barabarani kutafuta mtandao. Nilimwona akizungumza huku anaonyesha gari letu kwa kidole, kana kwamba yule mtu anamwona. Baada ya saa moja na kitu lori dogo likaingia uani, limefagiliwa na kutandikwa mikeka, na nyuma wamekaa wanaume saba wenye kofia. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitoa salamu, akampa mume wangu mkono na hakuuachia.

"Kaburi wameanza kuchimba," alisema. "Mkikubali, tunamswalia baada ya alasiri. Kama hamkubali pia ni sawa, tutakaa na nyinyi hapa mpaka mjue la kufanya."

"Tumekubali," mume wangu alisema, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Wakahamisha jeneza.

Bungoma waliniweka nyumbani kwa yule mfanyabiashara, hatua chache kutoka msikitini, pamoja na mkewe na wanawake wengine ambao wengi wao sikuwahi kujua wanaitwa nani. Mmoja alininawisha uso na miguu. Mwingine alisoma Yasini. Waliniletea uji, nikanywa wote, wakaniletea mwingine, nikanywa na huo. Nje nikasikia adhana, kisha baada ya muda mlio wa viatu vingi vikitoka pamoja. Mke wa mfanyabiashara alisogeza pazia.

"Wamejaa mpaka nje," aliniambia. "Tangazo limetolewa kwa spika, ati kuna msafiri. Hata wenye maduka wamefunga."

Nikasema, "Vizuri." Nilikuwa nahesabu mistari ya mkeka.

Kisha simu yangu ikalia. Mume wangu. Nyuma yake kulikuwa na upepo na sauti za makoleo.

"Mama anaitwa nani?"

"Mama gani?"

"Mama yako. Imamu anataka kumwita marehemu kwa jina la mama yake, kama inavyosomwa kaburini. Mimi namwita mama tu, miaka yote hii. Jina lake hasa ni lipi?"

Sikulijua. Naapa, kwa kitambo ambacho siwezi kukipima, sikulijua jina la mama yangu mzazi. Nilimwona mama mwenyewe waziwazi: vidole vyake, jino lililovunjika, namna anavyofunga kilemba, lakini jina halikuwapo. Mume wangu aliita, "Upo?" Wanawake waliacha kusoma, wakanitazama. Na kule kaburini walikuwa wamesimama watu ambao hawakutujua, wananingoja mimi.

Mke wa mfanyabiashara akanishika goti. "Wakati mko wadogo," aliniuliza polepole, "baba alikuwa anamwitaje akirudi nyumbani?"

Ndipo likatoka. Nililisema mara mbili, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mume wangu akalirudia kwa mtu aliyekuwa kando yake, na simu ikakatika.

Alirudi kabla ya magharibi, udongo umemkauka hadi magotini. Alikuwa ameingia kaburini yeye na wawili wa pale. "Tumemaliza," alisema, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Nilimkung'uta udongo wa shati.

Gari lilipona Jumatatu jioni. Tulilala Bungoma usiku mwingine, asubuhi tukapita makaburini, mimi nikiwa nimesimama nje ya ua, kisha tukaenda nyumbani na cherehani peke yake huko nyuma, inagongagonga kila penye shimo. Mama alitupokea mlangoni. Alimshukuru mume wangu. Mimi alinishika mashavu yote mawili akanitazama machoni kwa muda, akaniachia. Sikumwambia habari za jina, na hadi leo sijamwambia.

Mwaka uliofuata, likizo ya Desemba, nilimpeleka mama Bungoma. Tulizuru kaburi, mara hii nami nikaingia ndani ya ua, mama akalipalilia magugu kwa mikono yake, akasoma alichosoma, na nilipomwambia tuondoke akasema hajamaliza. Siku ya pili alitaka kumwona yule mwanamke wa Kamukuywa. Tulimkuta amevaa gambuti zilezile, mahindi yakiwa juu ya turubai. Mama yangu Kiswahili chake ni cha pwani ya ziwa, cha yule mama kina Kibukusu ndani yake, lakini walielewana bila shida. Walikaa chini wakapukuchua mahindi na kusimuliana uzazi wao: nani alizaliwa lini, nani alitanguliza miguu. Mimi nililala. Nililala palepale juu ya magunia, mchana mweupe, na waliponiamsha kula, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba.