Mshona Mashuka na Wasomaji Wake

Wifi yangu hushona mashuka ya hospitali. Chumba chake kiko nyuma ya chumba cha dobi, kina cherehani mbili, meza ndefu na dirisha moja. Kutwa nzima huletewa mashuka yaliyochanika, naye huyatia viraka. Ndiyo maana wote humwita Kiraka, hata daktari mkuu, naye huitika bila kinyongo.

Wachache tulijua kwamba huandika hadithi fupi. Aliandika wakati wa mapumziko, kwenye daftari lililojaa nyuzi, kwa miaka sita. Zilipotimia hadithi tisa, mpiga chapa akamtolea vitabu hamsini vyembamba, naye akavitandaza kwenye mabenchi wanakosubiri wagonjwa. Kila kitabu kilikuwa na kurasa mbili tupu mwishoni, na juu yake maneno haya: "Umeonaje? Sema bila kuogopa."

"Wifi," nikamtania, "wagonjwa hao watakuandikia nini? Dalili?"

"Hata dalili nitasoma."

Wiki tano, kimya. Kila akitoka kazini alipita kwenye mabenchi akifunua kurasa za mwisho, akarudi mikono mitupu. Mimi ningekata tamaa. Yeye alisema mgeni hafiki mlangoni siku anayoalikwa.

Kisha siku moja akaja kwangu anahema. Mtu alikuwa ameandika: "Nilikuja kung'olewa jino. Nimeitwa mara mbili sikusikia. Asante." Alinisomea maneno hayo jikoni mpaka vitunguu vikaungua, wala sikumlaumu. Mengine yakafuata. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliandika kwamba amecheka kwa mara ya kwanza tangu walazwe. Kiraka akamjibu papo hapo chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, ingawa hakujua kama mama yule atarudi kuusoma. Alijibu kila mmoja. Hakuruka hata yule aliyeandika "Sawa tu."

Halafu likaja hili, kwa herufi kubwa: "Hadithi ya mchomea vyuma ni nzuri, lakini aliyeiandika hajawahi kushika moto. Mtu anachomeleaje bila miwani? Huyo angepofuka ukurasa wa pili." Chini yake palikuwa na jina la karakana, mtaa wa pili kutoka hospitalini.

Nikawaka. "Ana nini huyu? Si aandike yake!"

Kiraka alikuwa anacheka mpaka machozi. "Wifi, huyu amesoma kwa makini kuliko nilivyoandika mimi."

Jumamosi tukaenda. Mchomea vyuma alipomsikia akijitambulisha, alivua miwani yake myeusi, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, kama nilikuudhi..."

"Kaka, nimekuja kukushukuru. Na kukuomba unifundishe, ili niirekebishe."

 Yule bwana akamfutia kiti, akamtafutia miwani. Tulikaa hadi adhuhuri. Kiraka aliuliza kila kitu: moto unanukiaje, cheche zikiingia kiatuni mtu hufanya nini, mkono unachoka wapi kwanza. Alichomea kipande cha bomba, kikapinda vibaya, mafundi wakamshangilia. Tulipokuwa tunaaga, mchomea vyuma alinong'ona kwamba hadithi ile ameisoma mara nne. Hakuwahi kukutana na mtu wa kazi yake ndani ya kitabu.

 Njiani nilipomtazama wifi yangu, alikuwa analia.

Aliiandika upya hadithi nzima. Kitabu kilipochapwa tena, ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani: kwa mwenye jino, kwa mama wa wodini, kwa mchomea vyuma, hata kwa "Sawa tu." Nilimuuliza huyo wa mwisho alimsaidia nini.

"Alisoma mpaka mwisho, wifi," akasema. "Halafu akatafuta kalamu. Unajua ilivyo kazi kupata kalamu hospitalini?"