Mbao za Mabenchi

Mwaka wa pili wa vita vya mashifta, waasi wa kaskazini, nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la nne kichwani na vifaa vya useremala begani, na niliamini kabisa kwamba nitajenga kanisa lenye mnara Garissa. Mnara ulikuwa tayari, ila ulikuwa akilini mwangu tu. Kanisa lenyewe lilikuwa banda la mabati kando ya zahanati ya misheni, na waumini tulikuwa tisa, makarani na wauguzi na wake zao, sote watu wa kuja. Mwinjilisti alinileta nitengeneze mabenchi kabla ya Krismasi. Mbao za mtarakwa zilifika na msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, zikinukia kama nyumbani. Nilizipanga ukutani, na kila jioni nilizitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Mlinzi wa boma letu alikuwa Msomali wa pale pale, mtu mzima mrefu, ndevu zake amezipaka hina. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama vijana wa mji walivyomwita. Yeye aliswali nyuma ya banda, mimi nikipiga randa mbele, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Akimaliza alikuja kukaa juu ya maranda yangu na kuanza utani.

"Fundi," aliniambia siku moja, "Isa hakukalia benchi. Alikaa chini kama sisi watu wa ngamia."

Nikamjibu kwamba Isa alikuwa seremala, kwa hiyo benchi hakukosa. Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi hilo atamuuliza mwenyewe siku wakionana.

Asubuhi moja ya Desemba, akina mama wakiwa bado hawajaenda kuchota maji mtoni, risasi zililia upande wa barabara. Hazikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Ziliponyamaza tulimkuta adeer ameketi langoni, mgongo kwenye nguzo, tasbihi mkononi, na damu ikitiririka chini ya shuka yake. Kama ilikuwa risasi ya askari au ya shifta, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Mkewe alikuja kabla hatujajua tumwambie nini. Hakulia mbele yetu. Alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe siku ile ile, jua halijatua, na wanaume wa kwao wamswalie. Lakini wanaume wa mtaa wao walikuwa wamekusanywa na askari tangu juzi ndani ya uzio wa waya, wakihojiwa mmoja mmoja. Na saa kumi na mbili kafyu ilianza. Aliyeonekana nje baada ya hapo alipigwa risasi. Mwinjilisti akavaa koti lake la Jumapili aende kuwaombea ruhusa. Kabla ya kuondoka alinikabidhi jembe na sururu.

"Nenda makaburini kwao, uanze kuchimba," akasema. "Nitakukuta huko."

Sikwenda.

Nieleze, ingawa haisaidii. Nilipokuwa mtoto, wakati wa Hali ya Hatari ya Waingereza, kijiji chetu nacho kilizungushiwa uzio, na nilimwona mjomba wangu akitupwa mtaroni pamoja na wengine bila ubao hata mmoja. Bibi yangu aliusema ubao huo mpaka anakufa. Useremala nilijifunza kwa sababu hiyo, nikisema kweli. Basi nikawaza, adeer hatatupwa. Ardhi haikimbii, kaburi nitalichimba nikimaliza. Nikazishusha mbao za mabenchi, nikakisia urefu wake, nikaanza kukata. Nilifanya kazi nikilia na, Mungu anisamehe, nikifurahi pia, maana viungo vilishikana vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nilijiona hata mwerevu: kifuniko sikukipigilia msalaba, kwa heshima ya dini yake.

Saa nane mchana mwinjilisti alirudi na wanaume wanne. Ndio hao tu walioruhusiwa, na koplo alikuwa amewaonya kwamba kipenga kikilia saa kumi na moja u nusu, wawe njiani kurudi. Aliyetangulia alikuwa shemeji wa marehemu. Alilitazama sanduku langu, akanitazama mimi, kisha akalitazama jembe lililoegemea ukuta, safi, halina hata chembe ya udongo.

Mke wa marehemu alitoka kwenye chumba cha zahanati, alikomwosha mumewe na kumvika sanda.

"Nilisikia nyundo asubuhi yote," alisema. "Nikadhani unatengeneza viti vya kanisa lenu."

Nikamwambia, mama, nimemtengenezea mzee mahali pa kulala.

"Mwanangu, sisi mtu hatumfungii. Analala juu ya mchanga, kwa ubavu, uso umeelekea Kibla." Hakupaza sauti. "Kaburi liko wapi?"

Mpaka leo sijaulizwa swali zito kuliko hilo.

Mvua zilikuwa zimekosekana mwaka ule. Mchanga wa juu ulitoka upesi, lakini chini yake tulikuta tabaka gumu kama saruji. Tulipokezana sururu wanaume sita, mwinjilisti naye ametupa koti. Kaburi lao hutakiwa kufika kifuani, kisha chini huchimbwa mwanandani, yaani upenyo wa pembeni anamolazwa maiti. Ilipofika saa kumi na moja sisi tulikuwa kiunoni, na mwanandani umetoshea kwa shida. Shemeji aliangalia jua.

"Litatosha," alisema. "Fundi, kavunje sanduku lako. Tunataka mbao za kuzibia."

Nililivunja mwenyewe. Misumari ilitoka ikilia. Wanne wale walimswalia katika mstari mmoja mfupi, yeye aliyekuwa akisalimiwa na nusu ya mji. Mimi na mwinjilisti tulisimama kando, kofia mikononi. Wakamlaza, wakaziegemeza mbao kwenye mwanandani, tukaanza kufukia. Kipenga kilipolia hatujafika hata nusu. Wanne wakaondoka mbio. Sisi tulisukuma udongo kwa mikono mpaka mwinjilisti akanivuta shati.

Usiku fisi walilia upande ule. Nilijaribu kuomba, nikajikuta nahesabu mbao.

Kafyu ilipokwisha asubuhi nilikimbia makaburini. Mke wa marehemu alikuwa ameshafika, amechuchumaa. Udongo ulikuwa umefukuliwa shimo zima, na chini ya shimo ulionekana ubao wangu, umekwaruzwa kucha huku na huku, wekundu wa mtarakwa uko nje. Haukuvunjika. Ulikuwa unanukia kama siku ulipofika.

"Kaburi fupi," alisema bila kunitazama. "Mbao nzuri. Leta mawe."

Nilileta mawe na matawi ya miba mpaka adhuhuri. Yeye aliyapanga.

Krismasi ilipofika tuliketi juu ya mikeka, wote tisa, magoti yakituuma. Mwinjilisti alisoma habari za mtoto aliyelazwa horini, na hakuna aliyeniuliza habari za mabenchi. Niligeuka mara moja kutazama langoni. Nilikuwa nimekaa chini kama watu wa ngamia, na aliyestahili kunicheka hakuwapo.