Boya la Umeme na Mwamba wa Kwetu

Wanawake wenzangu wa ufuoni walinituma kwa sababu sina haya ya kuuliza. Samaki wetu wanaharibika kwa kukosa barafu, na sola tuliyofunga iliibwa kabla hatujaizoea. Ndipo tukasikia kwamba mbele kidogo ya ufuo wa Dunga kuna boya linalotoa umeme kwa mawimbi ya ziwa. "Mama Awino, enda uone," wakaniambia. "Ukisema tuchukue, tutachukua." Walijua vizuri kwamba mimi na mawimbi hatuelewani tangu yalipomchukua mume wangu. Walinituma hivyo hivyo.

Alfajiri nilipanda bodaboda hadi Kisian, nikaunganisha gari la mjini.

Kwenye ufuo wenye boya nilipokewa na Baba Odhiambo, fundi wa kuchomelea aliyeliunda boya lenyewe. Ni pipa la plastiki lililoshikwa na mkono wa chuma kwenye nguzo. Pipa likipanda na kushuka, mkono unazungusha dinamo, betri zinajaa, friji inagandisha. Nilifungua hiyo friji. Ilikuwa na joto kama kabati la nguo, na samaki aina ya ngege waliokuwamo walishaanza kulegea. Roho iliniuma, maana nilikuja nikitaka sana kuamini.

"Ngoja upepo ya mchana, Mama," akasema. "Hii kitu inataka wimbi tu."

Mchana upepo ukaja kweli. Huko nje, nyuma ya matete, ziwa lilichafuka likawa jeupe. Hapa karibu boya lilitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesinzia kanisani.

"Baba, mawimbi yote iko kule. Mbona mliweka hapa?"

"Hapa ndio boti zinashukia. Kila mtu anaiona, mwizi hawezi gusa."

"Na boti zinashukia hapa kwa nini?"

Alinitazama, akatazama maji. "Kwa sababu hapa hakuna mawimbi," akasema, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Yawa! Na tulikaa kikao mzima tukichagua!"

Nami nilicheka. Njiani nilikuwa nimeshalichagulia boya letu mahali pa aina ileile.

Wakati wa kurudi kicheko kiliniisha. Nilijua boya letu linapaswa kukaa wapi, na nilitamani nisijue. Kwetu kuna mwamba unaopigwa na maji kila alasiri. Hapo ndipo mashua ya Baba Awino ilipovunjikia. Miaka yote hii nimekuwa nikipita njia ya shambani ili nisiuone.

Asubuhi iliyofuata niliwaeleza wenzangu kwamba mtambo unafaa, ila wenzetu wameuweka mahali palipotulia.

"Sasa yetu tutaweka wapi?" akauliza Mama Akoth, mwenyekiti wetu.

Nikawaongoza hadi mwambani.

"Hapa?" Mama Akoth akanishika mkono. "Mama Awino, hapa kweli?"

"Hapa."

Ziwa lilikuwa kimya bado. Na mimi, niliyemwomba Mungu miaka yote ayatulize maji yale, nilisimama juu ya mwamba ule nikaomba upepo.