Aliyeitika Sita

Ipo siku ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na Jumamosi iliyopita uliniamshia yote kwa swali moja. Ulisimama pale gatini, jaketi lako jipya halijalowa hata tone, ukaniuliza kwa adabu: "Mama Zura, haya mazoezi ya kugusana mabega, lazima yawe kumi? Hatuwezi kufanya matano?"

Nikacheka. Ulidhani nakucheka wewe. Hapana. Nilicheka kwa sababu wewe ulianzia tano, na mimi enzi zangu nilianzia tatu.

Sikukujibu siku ile kwa kuwa jibu ni refu na wenzako walikuwa wanasubiri makasia. Sasa nakuandikia, wewe na wote mliojiandikisha klabuni mwezi huu.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, mtoto wa fundi cherehani wa Biryogo. Kwetu mtu akitaja bei bila kupatana, tunamshuku kuwa mgonjwa. Mimi nilizidi. Daktari akiniandikia vidonge mara tatu kwa siku, nilimuuliza kama mara mbili hazitoshi. Na kila kitu nilikihesabu mara mbili: vifungo, pini, abiria wa gari nililopanda. Marehemu mume wangu aliwaambia watu kwamba hata yeye nilimhesabu mara mbili kabla ya kumkubali. Ni kweli, lakini hakupaswa kusema mbele ya wakwe.

Klabu hii ya kayaki, mitumbwi myembamba ya mtu mmoja mmoja, ilinijia dukani. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Waliniletea majaketi ya kuelea yaliyochanika, nikayashona, nikakataa pesa. Nikasema nataka kufundishwa kupiga kasia. Mtu anayeshona kitu cha kumzuia mwenzake asizame, niliwaambia, ana haki ya kuona kama kinafanya kazi.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Gaspari. Alikulia Mwanza, akarudi Rwanda na Kiswahili kizuri na goti bovu. Alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa moja, lile aliloliita hesabu ya mkono. Ukungu ukishuka, mnasimama. Mnasogeza kayaki zenu mpaka ziguse ubavu kwa ubavu, kila mtu anashika ukingo wa chombo cha jirani yake. Kisha unaweka mkono begani mwa aliye kushoto kwako na kutaja jina lake. Jina lake, sio lako. Hujawa mzima mpaka mwenzako amekugusa na kukutaja. Zoezi hilo alitaka kila mgeni alifanye mara kumi majini kabla ya kuruhusiwa kuvuka ziwa.

"Kumi?" nikamwambia. "Mzee Gaspari, punguza. Tatu."

"Kumi, binti yangu."

"Nne. Na mikanda ya majaketi yote nakubadilishia, uzi mara mbili."

Akaitazama ile mikanda, ilikuwa imeoza. Akalitazama ziwa. Mwisho akasema, "Sawa. Mimi nimekubali nne. Ziwa sijui limekubali ngapi. Sijaliuliza."

Nikacheka, nikaenda zangu. Nilikuwa nimeshinda, sikuwa na haja ya kusikiliza mengine. Na wenzangu wa kundi lile wote wakapata nne kwa mgongo wangu, wakanishukuru.

Sasa ile siku yenyewe. Tulikutana kwenye kituo cha Sonatubes saa kumi na mbili asubuhi, watu saba kwenye gari moja. Walikuwepo mume na mke kutoka Kiyovu, walimu wawili wa shule moja, na Idrisa, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyewaachia wenzake wa pale kituoni pikipiki yake wamtunzie. Idrisa alikuwa hawezi kukaa dakika mbili bila mzaha. Alikuwepo Solange, binti mkimya aliyefunga bidhaa katika kiwanda kimoja Masoro. Wa saba ni mimi.

Solange alikuwa na mafua, koo limekauka kabisa. Ndani ya gari alinivuta kanzu, akaninong'oneza, "Dada Zura, sauti yangu leo iko hakuna."

"Basi usiitike," nikamwambia. "Tukihesabu, gonga kasia kwenye kayaki yako mara mbili. Tok, tok. Mimi nitajua ni wewe."

"Sha, huyu leo ni mlango," Idrisa akasema. "Tumgongee atufungulie."

Solange alicheka bila sauti, mabega tu yakicheza. Kumbuka hilo, mwanangu. Mabega tu.

Mzee Gaspari alibaki gatini kwa sababu ya goti. Akanipa kazi ya mhesabu, yaani mtu wa mwisho katika msafara, anayehakikisha waliotoka ndio wanaorudi. "Wewe unahesabu mara mbili," alisema, "basi leo hesabu." Tukagawana namba. Mume na mke, moja na mbili. Idrisa tatu. Walimu nne na tano. Solange sita. Mimi saba.

Unalijua Ziwa Muhazi lilivyo, refu na jembamba, vilima vimelibana kila upande. Tulikuwa katikati ya maji pale ukungu uliposhuka. Haukuja kwa kasi. Ulikuja kama shuka linalotandazwa na mtu asiye na haraka, ukafunika kwanza kilima, kisha migomba ya ng'ambo, kisha kasia langu upande ule wa mbali. Ndege wakanyamaza. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kasia langu, tone moja moja, na nikajikuta nayahesabu.

Mzee alikuwa ametufundisha tukifika hapo tusimame na kushikana. Mimi nikapiga mahesabu yangu ya sokoni. Kukusanya kayaki saba ndani ya ukungu ni robo saa, labda zaidi. Kuhesabu kwa sauti ni nusu dakika. Nikachagua rahisi.

"Hesabu!" nikaita.

"Moja." "Mbili." "Tatu, na njaa." Huyo ni Idrisa. "Nne." "Tano."

"Sita."

"Saba," nikamalizia mimi. Kama kawaida yangu, nikarudia. Mara ya pili ikatoka vilevile, moja mpaka saba, bila pengo. Ile sita ilitoka kushoto kwangu, karibu sana, sauti ya mwanamke, tulivu, kama ya mtu aliyekaa sebuleni kwake. Nikaridhika. Saba zilitoka, saba zipo. Nikasema twende polepole, tufuate mlio wa chuma ambacho Mzee Gaspari alikuwa ameanza kukigonga gatini kutuonyesha njia.

Tulipiga kasia labda dakika kumi. Kisha Idrisa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukuwa na mzaha ndani yake, "Dada Zura. Nani ameitika sita?"

"Solange," nikasema.

"Solange hana sauti."

Mwanangu, nimewahi kukata kitambaa cha harusi cha mtu vibaya, siku moja kabla ya harusi. Nilidhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote nitakayowahi kufanya. Nilikosea.

"Solange!" nikaita. Kimya. "Gonga, Solange!"

Tukashusha makasia. Chuma cha Mzee kililia mbele, mbali. Kisha nyuma yetu, mbali vilevile, tukasikia plastiki ikigongwa. Tok, tok. Halafu hakuna kitu. Halafu tok, tok, dhaifu zaidi.

Niligeuza kayaki nikitaka kukimbilia huko peke yangu. Idrisa akaushika ukingo wangu kwa mkono mmoja, akaukaza. "Ukienda peke yako tutatafuta wawili," alisema. "Fanya ile ya Mzee."

Basi tukaifanya, na tuliifanya ovyo, kwa sababu mara nne hazitoshi kuufundisha mkono. Mke wa Kiyovu alitaja jina lake mwenyewe badala ya la jirani. Mwalimu mmoja aliachia ukingo, tukamvuta tena. Mwishowe nikapata watu sita, kwa kuwagusa. Tukaanza kurudi nyuma tukiwa mstari mmoja, kila mtu akibaki umbali wa kumfikia mwenzake.

Na hapo ndipo ile sauti ikasema tena, safari hii kulia kwetu, karibu, kwa upole uleule: "Sita."

Mume wa Kiyovu akageuza kichwa cha kayaki yake kuelekea huko. "Yuko hapa!" akasema. "Mmesikia? Yuko hapa karibu."

Nilimshika jaketi. Mkanda ule niliushona mimi, uzi mara mbili, na ulihimili. "Huyo anasema," nikamwambia. "Solange hawezi kusema. Sisi tunamfuata anayegonga."

Alinitazama. Kisha naye akaisikia tok, tok, upande wa pili, ikichelewa kuliko mwanzo. Akarudi kwenye mstari.

Tulimkuta Solange amekumbatia kayaki yake iliyopinduka. Kasia lake lilinasa kwenye nyavu za wavuvi, likampindua na kumponyoka. Alikuwa anagonga kwa ngumi. Vifundo vya mkono vilikuwa vimechubuka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Filimbi hatukuwa nazo enzi hizo. Leo kila jaketi ninaloshona lina mfuko wa filimbi, na sasa unajua kwa nini huwa nakukagua kabla hujanisalimia.

Tukambana katikati ya kayaki mbili, Idrisa na mmoja wa wale walimu wakamvuta juu kwa mikanda, mimi nikamwaga maji yaliyojaa chombo chake. Akaingia. Tukashikana wote, na nikahesabu tena. Kwa mkono. Bega kwa bega, jina kwa jina, mpaka Solange akaniwekea ule mkono wake uliochubuka na kuninong'oneza jina langu kamili, "Zuhura." Saba.

Kisha kutoka ndani ya ukungu, kwa utulivu, mtu akasema:

"Nane."

Idrisa akasema chini chini, "Usiijibu." Hatukuijibu. Tulifuata chuma cha Mzee Gaspari mpaka gatini bila kuachiana, na hakuna aliyetazama nyuma.

Wapo walioniambia baadaye kuwa ni mwangwi wa vilima. Huenda. Lakini mwangwi unarudisha ulichosema, na kati yetu hakuna aliyesema sita. Niliwauliza mmoja mmoja. Niliwauliza mara mbili. Ni nani, ni nini, sijui, na kwa umri huu sitafuti tena kujua. Hilo silo lililoninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni maneno ya Solange. Tulimkalisha gatini, tukamfunika kanzu na mataulo, nikampa chai, nikamuomba msamaha. Akaninong'oneza: "Nilisikia mkihesabu. Niligonga, hamkusikia. Halafu nikasikia mtu ananiitikia. Nikajua basi, hamrudi."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepatana nayo.

Mzee Gaspari alisikiliza yote akiwa ameegemea nguzo. Sikuficha kitu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulifanya mazoezi mangapi?"

"Manne."

"Kwa hiyo yamebaki?"

Kumi, toa nne. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili sikulipenda jibu.

"Sita, Mzee."

"Basi," alisema. "Bado hujakauka. Rudi majini."

Nikarudi. Wenzangu wakarudi nami bila kuambiwa, palepale ukingoni, miguu karibu inagusa mchanga, mara sita. Solange alikaa gatini na chai yake, akatugongea kikombe kila tulipomaliza moja.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Patana na fundi, patana na mwenye nyumba, patana hata na mimi nikikushonea suruali, ingawa utashindwa. Mafunzo ya kumrudisha mtu nyumbani akiwa mzima usiyaombee punguzo, maana hujui ni nani utakayempunguzia. Ukipewa kazi ya kuhesabu watu, iwe ziwani, kazini kwako Masoro au mezani kwako, usifurahi kwa kuwa jumla imetimia. Mimi jumla yangu ilitimia mara mbili huku mtu yumo majini. Muulize kila mtu kwa jina, mguse, na yule asiye na sauti ndiye uanze naye. Kwa sababu siku zote ipo sauti ya kuitikia nafasi ya aliyepotea, na inaitika vizuri, na inakurahisishia kazi.

Jumamosi njoo mapema. Ni mara kumi. Solange ndiye atakayekusimamia. Siku hizi ana sauti ya kutosha, utaona.

Mungu akulinde uendapo na urudipo. Akupe wenzako watakaogeuza vyombo vyao kwa kusikia kugonga kwako tu, na kila utokapo kwenye maji, uwepo mkono wenye joto begani mwako, na mwenye mkono huo alijue jina lako.