Siku Niliyompa Mkono Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Kishapu, lakini jembe na mimi hatukupatana, nikaenda Geita kuchimba dhahabu. Nilikuwa na nguvu, na mdomo pia.

Siku moja nikiwa ndani ya duara, ndivyo tuitavyo shimo la kuchimbia, ndoo ya mawe ilichomoka kwenye kamba ikanigonga kichwani. Niliona nyota, nikacheka, nikaendelea na kazi. Hata damu haikutoka.

Tangu hapo kichwa kiliniuma kila asubuhi. Jua liliniumiza macho, nikawa natapika. Nilisahau sururu, majina ya watu, hata nilichokuwa nasema. Nikarudi nyumbani kupumzika. Mke wangu, Mama Kulwa, alidhani nimerudia pombe.

Kwetu mwanamume humkwepa mama mkwe wake. Mkikutana njiani, unaingia porini. Mimi nilimfuata wangu katikati ya mnada, nikamshika mkono na kumsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Alijifunika khanga usoni akakimbia, kapu lake akaliacha. Sikujua nimekosa nini mpaka baba mkwe alipokuja kumchukua binti yake.

"Mlevi simwachii mtoto wangu," alisema.

Nilimwomba anisindikize hospitali kwanza, wakanipiga eksirei. Fuvu lilionekana zima, halina ufa.

"Basi ni tabia," akasema baba mkwe. Hapo nililia.

Daktari akamwambia, "Mzee, eksirei inaona mfupa. Ya ndani haiyaoni." Akaniandikia barua niende Dar es Salaam, kwenye mashine ya CT. Baba mkwe akaondoka na binti yake, ila akakubali kungoja picha kabla ya kuivunja ndoa.

Nililazwa chali, nikaingizwa kwenye tundu jeupe. Nikawaza, duara la leo halina vumbi. Daktari wa huko alinionyesha madoa mawili madogo upande wa mbele, ubongo ulipochubuka.

"Hapa ndipo panapomzuia mtu asifanye la aibu," alisema. "Pumzika. Pombe usiguse, shimoni usirudi. Utapona."

Niliporudi, baba mkwe aliiinua picha juani akaitazama sana. "Kumbe umeumia, mwanangu," akasema. Kesho yake Mama Kulwa alirudi.

Ilichukua miezi. Ndugu yangu, ukigongwa kichwa usingoje damu, na eksirei ikiwa safi huku bado unaumwa, rudi kwa daktari useme.

Nilijuaje nimepona? Nilikuwa njiani, mama mkwe akatokea. Kabla sijawaza, nilikuwa nimeshajitupa kichakani. Nikamsikia akicheka, akaniambia akiwa amegeuka upande wa pili, "Asante Mungu, mkwe wangu amerudi." Mama Kulwa alinichomoa miiba mpaka jioni, na kila mwiba niliushukuru.